Jina la daktari kwenye bahasha

Kuna bahasha ya karatasi ngumu ya rangi ya kaki, urefu wake sentimita 18 hivi na upana 13, ambayo Waingereza wengi wameishi nayo bila kuiona. Huitwa bahasha ya Lloyd George, kwa jina la David Lloyd George, waziri wa fedha aliyepitisha Sheria ya Bima ya Taifa ya 1911. Ilikaa kabatini kwa daktari wa familia, jina la mgonjwa juu, kadi ndani. Kila ukienda kutibiwa, daktari anaongeza mstari: tarehe, maneno mawili matatu, dawa. Ukihama mji, bahasha inakufuata kwa daktari mpya. Ukizaa, ukivunjika mguu, ukianza kusahau majina ya wajukuu, vyote vinaingia humo humo, mpaka bahasha inavimba na kufungwa kwa mpira.

Anayefungua bahasha za zamani hushangaa jinsi maandishi yalivyo machache. Tuseme mstari unasomeka: kikohozi, kile kile. Basi. Mgeni hawezi kujua kile kile ni kipi. Aliyeandika alijua, kwa sababu alimzalisha mama wa mgonjwa, alimzika baba yake, na alijua kwamba kikohozi hiki huja kila mwaka wiki ambayo mtu huyu anagombana na nduguye juu ya shamba. Kadi ilikuwa fupi kwa sababu sehemu kubwa ya faili ilikuwa kichwani mwa daktari.

Siasa za Uingereza hazichoki kumlilia daktari huyo wa mji mdogo, yule mwenye mkoba wa ngozi na anayejua hata jina la mbwa wako. Wapo wanaosema kauawa na kompyuta. Wapo wanaosema madaktari wa siku hizi hawana moyo, wanataka kazi ya nusu wiki. Naona wote wanalilia kwenye kaburi lisilo lake. Kilichomfanya daktari yule amjue mgonjwa wake hakikuwa wema. Madaktari wema na wakali walikuwapo tangu zamani. Kilikuwa ni orodha. Jina la mgonjwa huyu liko chini ya jina la daktari huyu, na daktari analipwa kwa ajili ya jina hilo, mgonjwa akija asije. Orodha hiyo ina historia yake, na ina mwaka ambao ililegezwa.

Mwanzoni daktari wa familia hakuwapo. Uingereza ya karne ya 18 ilikuwa na matabaka matatu ya waganga: tabibu msomi aliyetoa ushauri bila kuchafua mikono, mpasuaji ambaye ukoo wake wa kazi ulikuwa mmoja na wa vinyozi, na muuza dawa mwenye duka lake. Mji mdogo haukuweza kuwalisha wote watatu. Kwa hiyo mtu mmoja alipasua majipu, akazalisha, akang'oa meno, akachanganya dawa, na jioni akapanda farasi kwenda kumwona mgonjwa shambani. Sheria ya Wauza Dawa ya 1815 ilimpa mtu huyo mtihani na cheti. Sheria ya Udaktari ya 1858 ikaleta daftari moja la madaktari wa nchi nzima, ili mwananchi ajue nani daktari na nani tapeli. Hospitali zilipokua na mabingwa wakaanza kugombania wagonjwa na madaktari wa mitaani, ugomvi ulimalizwa kwa mapatano: bingwa akabaki na hospitali, daktari wa familia akabaki na mgonjwa. Mpaka leo, ukitaka bingwa wa moyo kwa gharama za serikali, kwa kawaida unapitia kwa daktari wako kwanza.

Lakini tusimrembe sana. Kabla ya 1948 kliniki ya mji mdogo ilikuwa duka. Daktari kijana alikopa fedha, mara nyingi zaidi ya mapato ya mwaka mzima, akanunua kliniki ya mzee anayestaafu. Na alichonunua hasa si kitanda wala mizani, ni watu: mazoea ya familia mia kadhaa kugonga mlango ule ule. Mwenye mali alitozwa zaidi, maskini alitozwa kidogo au alisamehewa, na katikati walibaki wale waliongoja mpaka homa ipande sana ndipo wamwite, kwa kuogopa hesabu itakayoletwa mwisho wa mwezi. Chumba cha mbele cha nyumba ya daktari ndicho kilikuwa kliniki. Wagonjwa waliingia kwa mlango wa pembeni na kukaa kwenye viti vilivyopangwa ukutani, na kila anayeingia alihesabu kimya kimya nani yuko mbele yake. Simu ilipokelewa na mke wa daktari, usiku na mchana, bila mshahara. Ndiye aliyeamua nani aamshiwe daktari na nani angoje asubuhi. Kwa maneno ya leo, ndiye aliyekuwa mapokezi, mpanga foleni na nusu ya muuguzi. Anayetamani kumrudisha daktari wa zamani aseme pia nani atakayemrudisha mke huyo.

Sheria ya 1911 ndiyo iliyoleta orodha kwa maana tunayoijua. Mfanyakazi wa kipato cha chini alikatwa senti kadhaa kila wiki, mwajiri akaongeza, serikali ikaongeza, na kuanzia 1913 mfanyakazi akawa na haki ya kuchagua daktari na kujiandikisha kwake. Daktari akalipwa kwa kichwa. Tatizo ni kwamba kichwa kilichohesabiwa ni kile kilichokuwa kazini. Mke wake hakumo, watoto hawamo. Matokeo yake yalionekana milango ilipofunguliwa kwa wote mwaka 1948: madaktari wakakutana na wanawake waliokuwa wamebeba kizazi kilichoshuka kwa miaka mingi, wakivumilia maumivu huku fedha ya daktari ikitumika kwa mtoto au kwa chakula.

Kulikuwa na mfano mwingine, na ulikuwa Wales. Katika mji wa Tredegar, wachimba makaa ya mawe na mafundi wa chuma waliunda chama chao cha matibabu. Kila mwanachama alitoa kiasi kidogo kwa kila pauni ya mshahara, chama kikaajiri madaktari, nao wakahudumia karibu mji mzima, wake na watoto wakiwemo. Aneurin Bevan alizaliwa mji huo. Alipokuwa waziri wa afya na kuanzisha NHS, yaani huduma ya afya ya taifa, hakuwa anabuni kitu hewani; alikuwa amekwisha kuona mji mzima ukijiandikisha.

Madaktari walimpinga kwa nguvu. Mapema 1948 chama chao kilipiga kura, na karibu tisa kati ya kila kumi waliopiga walikataa. Hofu yao kubwa ilikuwa kugeuzwa watumishi wa serikali wa mshahara. Wakapewa walichotaka: wakabaki watu huru wenye kliniki zao, wanaolipwa kwa kichwa. Nao wakanyang'anywa kitu kimoja kwa fidia ya pauni milioni 66: haki ya kuuza na kununua wagonjwa. Jumatatu ya tarehe 5 Julai 1948 huduma ikaanza, bure mlangoni, na kila mkazi akawa na haki ya kuwa kwenye orodha ya daktari mmoja mwenye jina.

Hapo ndipo penye utamu wa jambo hili. Daktari hakuwa mtumishi wa serikali wala mfanyabiashara kamili. Hakuweza kumtoza mgonjwa, kwa hiyo hakuwa na faida ya kumwita bure bure. Hakuweza kumuuza, kwa hiyo akitaka kuhama aliondoka mikono mitupu. Kilichobaki ni kukaa. Na aliyekaa miaka 30 mahali pamoja na watu wale wale 2,000 aliwajua hata asipopenda.

Orodha peke yake haipaki rangi ukuta, na hilo lazima lisemwe. Mwaka 1950 daktari wa Australia, Joseph Collings, alichapisha katika jarida la Lancet ripoti ya alichokiona baada ya kuzunguka kliniki za Uingereza. Alikuta vyumba vichafu, visivyo na hata kitanda cha kumlaza mgonjwa apimwe, na madaktari walioandika dawa bila kumgusa mtu. Kulipwa kwa kichwa kuna sumu yake: vichwa vingi na kazi kidogo huleta fedha ile ile. Madaktari walichukia, lakini walisikia. Mwaka 1952 waliunda chuo chao cha kitaaluma, na mkataba mpya wa 1966 na serikali ukaanza kuwarudishia sehemu kubwa ya mshahara wa wauguzi na makarani, na gharama za jengo. Kliniki ikatoka sebuleni. Wabia watatu wanne wakajenga jengo moja, mke wa daktari akarudishiwa simu yake. Kwa maoni yangu, miaka ile iliyofuata 1966 ndiyo kliniki ya mji mdogo ilipokaribia kuwa kile tunachokikumbuka. Kabla yake tunakumbuka zaidi tunachotamani kuliko kilichokuwapo.

Watu wengi husahau jambo jingine: kliniki hizi za pembezoni zilikuwa mahali pa sayansi. Edward Jenner, aliyethibitisha mwaka 1796 kwamba ndui ya ng'ombe humkinga mtu na ndui, alikuwa tabibu wa mji mdogo wa Berkeley. James Mackenzie alijifunza mapigo ya moyo akiwa daktari wa kawaida wa mji wa viwanda wa Burnley, kwa sababu wagonjwa wake hawakupotea. Aliweza kuona moyo unaorukaruka leo unafanya nini baada ya miaka 20. Bingwa wa London alimwona mgonjwa mara moja tu.

Ninayempenda zaidi ni William Pickles. Alikuwa daktari wa Aysgarth, kijiji cha bonde la Wensleydale huko Yorkshire, tangu kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Bonde lile lilikuwa kama chungu chenye kifuniko: vijiji vichache vya mawe, barabara chache, watu elfu kadhaa, na mgeni akiingia kila mtu anajua alikula wapi. Mwaka 1929 uliingia ugonjwa wa manjano. Siku ya sherehe ya kijiji Pickles alimwona asubuhi msichana mmoja aliyelala kitandani, akaamini hatoki siku hiyo. Mchana msichana akajikokota, akaenda sherehe. Wiki kadhaa baadaye macho ya watu waliokuwa pale yakaanza kugeuka manjano, mmoja mmoja, nyumba hii na ile.

Pickles akakaa mezani na kuhesabu. Daktari wa mjini asingeweza, kwa sababu mgonjwa wake wa jana alipanda basi na watu 40 asiowajua. Yeye alijua nani alikutana na nani, wapi na siku gani, na pale alipokuwa hajui aliuliza tu, akajibiwa, kwa kuwa alikuwa daktari wao. Akapata kwamba ugonjwa ule hujificha mwilini siku 26 hadi 35 kabla ya kujitokeza. Mapenzi ya siri yaliyotoboka katika hesabu ile, nadhani, yalikuwa mengi kuliko alivyoandika. Mwaka 1939 alichapisha kitabu juu ya magonjwa ya kuambukiza katika kliniki ya kijijini, na chuo cha madaktari wa familia kilipoanza, alikuwa rais wake wa kwanza. Vifaa vyake vilikuwa kalamu, karatasi ya chati, na kufahamiana.

Julian Tudor Hart alifanya kitu kama hicho kwa njia nyingine katika Glyncorrwg, kijiji cha wachimba makaa huko Wales. Huyu alikuwa mkomunisti wa wazi, mkali wa kalamu, na mwaka 1971 aliandika katika Lancet kile alichokiita sheria ya huduma iliyopinduka: huduma nzuri huwa haba zaidi pale inapohitajika zaidi, na soko likiachiwa, hali huwa mbaya zaidi. Wengi humjua kwa sentensi hiyo. Mimi namkumbuka kwa mashine ya kupimia presha. Aliamua kumpima kila mtu mzima kwenye orodha yake, si wale waliokuja wakilalamika tu. Presha haiumi, asiyeumwa haji. Kwa hiyo ilibidi aipitie orodha jina kwa jina, awatafute wanaume ambao hawajakanyaga kliniki kwa miaka, awangojee, awatanie, awapime. Baada ya miaka 25, vifo vya watu wa chini ya miaka 65 kijijini mwake vilikuwa pungufu kwa asilimia 28 kuliko kijiji jirani kinachofanana nacho. Bila orodha, hutambui nani hajaja.

Sasa upande wa giza. Harold Shipman naye alikuwa daktari wa familia wa mji mdogo, Hyde, karibu na Manchester. Alifanya kazi peke yake. Alikwenda majumbani. Vikongwe walimpenda, na walimwambia kila mtu kwamba madaktari kama huyu hawapo tena. Mwezi Januari 2000 alipatikana na hatia ya kuua wagonjwa 15, na tume iliyofuata ikathibitisha kwamba aliua takriban 215, wengi wao kwa sindano ya dawa kali ya maumivu. Kuaminiwa kule kule ninakokusifia hapa ndiko kulikomfungulia milango. Walioanza kumshuku ni watu wa mazishi na daktari wa kliniki ya jirani, ambaye alikuwa akisaini fomu za kuchoma maiti na akaona hesabu haziendi: mtu mmoja, vifo vingi mno. Uchunguzi wa polisi wa kwanza haukumpata, na wengine wakafa.

Baada ya hapo ilikuwa vigumu kumtetea daktari wa peke yake bila kutazamwa kwa jicho la pembeni. Na ni haki. Lakini ona tiba ya Shipman ilikuwa nini: jicho la pili juu ya vyeti vya vifo, kuhesabu dawa, madaktari kupimwa upya mara kwa mara. Hakuna popote iliposemwa kwamba dawa ni mgonjwa asijulikane na mtu.

Hata hivyo ndicho kilichokuja, kupitia mlango mwingine. Mkataba mpya wa madaktari wa familia ulianza Aprili 2004. Magazeti yalishika sehemu moja tu: kwamba madaktari waliruhusiwa kuacha kazi ya usiku na wikendi kwa kukatwa pauni 6,000 hivi kwa mwaka, na wengi wakaacha. Badiliko lililokwenda ndani zaidi lilikuwa kwenye karatasi ya usajili. Tangu siku hiyo mgonjwa hakuandikishwa tena kwa daktari fulani. Aliandikishwa kwa kliniki. Ilionekana jambo la makarani, na kwa siku ya kwanza hakuna aliyeona tofauti. Lakini kliniki haina macho wala kumbukumbu. Mbia akistaafu, watu wake hawarithiwi na mtu, wanamwagika kwenye dimbwi la wote. Kliniki zikaungana, ndogo zikafungwa, na leo wastani wa orodha ya kliniki moja ni watu 10,000 hivi. Mgonjwa anapiga simu saa mbili asubuhi, anangoja kwenye foleni ya muziki, na anapewa yeyote aliye na dakika kumi.

Serikali ilistuka, ikajaribu kurudisha. Mwaka 2014 kila mzee wa miaka 75 na zaidi akapewa daktari mwenye jina. 2015 kila mgonjwa. Jina lakini si miadi. Kliniki ilitimiza sharti kwa kuandika jina kwenye kompyuta, na hakuna aliyelazimika kuhakikisha kwamba wawili hao wanakutana.

Kama ni suala la kumbukumbu tamu tu, nisingepoteza wino. Kuna ushahidi. Norway iliweka mwaka 2001 utaratibu wa kila mkazi kuwa na daktari wake maalumu, na kwa kuwa nchi ina rejesta nzuri, watafiti waliweza kuwatazama watu milioni 4.5 hivi. Matokeo yalichapishwa 2021. Waliokaa na daktari mmoja zaidi ya miaka 15, wakilinganishwa na wa mwaka mmoja, walikuwa na uwezekano pungufu kwa asilimia 30 wa kukimbilia huduma ya usiku, asilimia 28 wa kulazwa kwa dharura, na asilimia 25 wa kufa. Mtu atasema wanaohama hama ndio wenye shida nyingi, na ni swali halali. Kinachonishawishi ni ngazi yake: faida haikuja ghafla, ilipanda kadiri miaka ilivyoongezeka. Dawa inayofanya kazi zaidi kadiri unavyoinywa zaidi, daktari yeyote angeiandika.

Sisemi kila mtu ahitaji hili. Kijana mwenye maumivu ya koo anataka mtu yeyote, leo. Mama wa miaka 80 mwenye sukari, presha, moyo na upweke anataka mtu asiyelazimika kumwanza upya kila mara. Kosa la miaka 20 hii ni kupanga huduma nzima kwa kumfuata yule kijana, kwa sababu kasi inapimika kwa saa na kufahamiana hakuna kipimo chake kwenye ripoti ya mwezi. Na haihitaji kumrudisha daktari wa peke yake. Kliniki ya madaktari kumi inaweza kugawa orodha yake kumi. Zipo zilizokataa kuacha kufanya hivyo. Daktari wa siku tatu kwa wiki anaweza kumjua mgonjwa wake kuliko watano wanaopokezana kwa siku tano.

Bahasha za Lloyd George zenyewe zinamalizika. Huko Uingereza hazitolewi mpya tangu 2021, na za zamani zinatolewa pini, zinapitishwa kwenye skana, na makabati yaliyokuwa yamejaa yanageuzwa vyumba vya kuonea wagonjwa. Mtoto anayeandikishwa leo anaanza na ukurasa kwenye kompyuta. Kuna nafasi ya tarehe ya kuzaliwa, nafasi ya chanjo, na nafasi ya jina la daktari, ambayo karani huijaza kabla mama hajauliza ni nani.